Nani Aingie, Nani Abaki Nje: Hesabu Iliyo Nyuma ya Ubishi wa Futiboli ya Vyuo Marekani

Tangu 2024, Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoko California upande wa Bahari ya Pasifiki, kinacheza futiboli ya Kimarekani katika umoja unaoitwa Konferensi ya Pwani ya Atlantiki. Jirani yake, Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, naye yumo humo. Kwenda kucheza Miami au Boston ni kuvuka bara zima. Mashabiki wa vyuo vya zamani vya konferensi hiyo, ACC kwa kifupi, walilibishia jambo hilo tangu lilipoanza kuvuma. Wakuu wa vyuo wenyewe waligawanyika kura, na bado likapita. Ukitaka kujua lilipitaje, weka kando kwanza swali analoanza nalo kila shabiki, lile la "nani anastahili kuwa mwenzetu". Mezani huulizwa swali jingine kabisa.

Kwa aliyezoea Ligi Kuu ya Tanzania Bara au ya Kenya, mkanganyiko huanzia hapa. Kwetu timu hupanda daraja kwa pointi na kushuka kwa pointi, na hakuna kikao kinachopiga kura kama timu ya Mbeya ikaribishwe. Vyuo vya Marekani havipandi wala havishuki. Kuna konferensi, yaani umoja wa vyuo unaopanga ratiba, unaouza haki za matangazo kwa pamoja na kugawana fedha zinazopatikana. Timu hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida, nyingi kati ya hizo dhidi ya wenzao wa konferensi. Bingwa wa konferensi kubwa ana njia ya wazi ya kufika kwenye mchujo wa taifa, ambao tangu 2024 una timu 12 badala ya 4. Mwanachama mbovu hafukuzwi kwa sababu ya kufungwa. Mgeni hodari naye haingii kwa sababu ya kushinda, mpaka aalikwe.

Konferensi zenye sauti leo ni nne: Big Ten yenye vyuo 18, SEC yenye 16, Big 12 yenye 16, na ACC yenye 17 kwa futiboli. Msomaji asihangaike na namba zilizo kwenye majina. Kuna kipindi Big Ten ilikuwa na vyuo 12 na Big 12 ikawa na 10, na hakuna aliyeona haya.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Hadi 1984 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua mechi zipi zionyeshwe kwenye televisheni na timu moja ionekane mara ngapi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba udhibiti ule ulivunja sheria za ushindani wa biashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, aliyewahi kuwa nyota wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Colorado. Nadhani aliona mbali kuliko wenzake. Kuanzia hapo haki za matangazo zikawa mali ya vyuo vyenyewe, vyuo vikaziweka kwenye kapu la konferensi, na thamani ya kapu ikategemea nani yumo ndani.

SEC, konferensi ya majimbo ya kusini, ndiyo iliyowahi kunusa fursa. Iliwachukua Arkansas na South Carolina mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafikisha vyuo 12, ikajigawa makundi mawili na kuanzisha fainali yake yenyewe mwaka 1992. Mechi moja ya ziada, Desemba, televisheni ikalipa. Tangu siku hiyo kila konferensi ikaanza kuangalia uzio wa jirani.

Sasa hesabu. Chukua konferensi ya kubuni yenye vyuo 10, ambayo televisheni inailipa dola milioni 300 kwa mwaka, kila chuo milioni 30. Chuo cha 11 kinabisha hodi. Kina uwanja mzuri, kina mashabiki wachangamfu, msimu uliopita kimeshinda mechi 11. Wataalamu wa matangazo wanasema kitaongeza milioni 20 kwenye kapu. Kapu linakuwa 320, unagawa kwa 11, kila mmoja anaondoka na milioni 29 na ushee. Maana yake vyuo kumi vinaombwa kila kimoja kitoe karibu milioni moja kila mwaka ili mgeni apate kiti. Mkuu wa chuo gani atalipeleka hilo mbele ya bodi yake na kutoka salama?

Mgeni anapimwa dhidi ya wastani wa waliomo. Kigezo hicho ni kikali kuliko kinavyoonekana, kwa sababu konferensi ikizidi kutajirika, idadi ya vyuo vinavyoweza kuiongezea chochote inazidi kupungua. Kwa Big Ten na SEC za leo, hata chuo chenye jina na historia kinaweza kuwa mdomo tu wa kulishwa. Shabiki anayesema "wale wanacheza vizuri, waingie" anaongea jambo la kweli lisilohusika.

Kuna njia mbili za kuizunguka hesabu hii, na karibu kila tukio la kushangaza la miaka ya karibuni limepitia mojawapo. Ya kwanza ni kipengele kwenye mkataba wa televisheni kinachoilazimisha kampuni kulipa mgao kamili kwa kila mwanachama anayeongezeka, awe nani. Ya pili ni kumwingiza mgeni kwa mgao pungufu: televisheni inamlipia kamili, yeye anapokea kiasi, kinachobaki wanagawana wenyeji. Zikikutana zote mbili, hata mgeni asiye na mvuto mkubwa anageuka kuwa chanzo cha mapato.

Hiyo ndiyo siri ya Stanford. ESPN, kampuni ya televisheni ya michezo, ilikuwa imefungwa na mkataba kuilipa ACC kwa kila mwanachama mpya. Stanford na California (kile cha Berkeley) wakakubali kuanza na asilimia 30 ya mgao kwa miaka saba. Southern Methodist ya Dallas, SMU, ikaja na ombi la ajabu zaidi: haitachukua fedha za televisheni kwa miaka tisa. Wafadhili wake walikuwa tayari kubeba mzigo huo, na ndani ya wiki moja baada ya kualikwa chuo kilitangaza kuwa kimechangisha dola milioni 100. Kura zilihitajika 12 kati ya 15. Florida State, Clemson na North Carolina walikataa. North Carolina State, aliyekuwa upande wa wapinzani, akageuka dakika za mwisho, mambo yakaisha tarehe 1 Septemba 2023. Shabiki wa Clemson aliyeuliza "Stanford wana uhusiano gani na sisi?" hakujibiwa, kwa kuwa swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

Lakini hesabu peke yake haitoshi. Ingekuwa hesabu tupu, kila chuo kingekuwa na bei yake na mashabiki wangeacha kubishana wakaanza kupiga kikokotoo. Ninavyoona mimi, thamani ya chuo imo zaidi katika hali ya anayekialika. Ushahidi mzuri kuliko wote ni Big 12.

Mwaka 2016 Big 12, wakati huo ikiwa na vyuo 10, ilitangaza kuwa inafikiria kupanuka. Ilikuwa karamu ya wabishi. Majina 11 yalifika hatua ya mwisho: Air Force, BYU, Central Florida, Cincinnati, Colorado State, Connecticut, Houston, Rice, South Florida, SMU na Tulane. Kila chuo kilikuwa na watu wake wa kukipigia debe. Cincinnati ilitajwa kama mwenzi wa karibu wa West Virginia, aliyekuwa ametengwa mbali na wengine. BYU, chuo cha kanisa la Wamormoni, ilisifiwa kwa mashabiki wake waliotapakaa nchi nzima, na ikapingwa kwa kuwa haichezi Jumapili na kwa kanuni zake kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Gavana wa Texas, Greg Abbott, alitamka hadharani kuwa upanuzi usioijumuisha Houston haufai hata kuzungumzwa. Miezi ikapita, maelezo yakatolewa, vitabu vya takwimu vikachapwa. Oktoba 17 wakuu wa vyuo wakatoka na jibu: hakuna anayeingia.

Televisheni hazikutaka. Mkataba ulikuwa na kile kipengele cha kulipia kila mgeni, na kampuni hazikuona sababu ya kumwaga fedha kwa timu ambazo zingeweza kuzipata kwa bei poa zikiwa huko huko zilikokuwa. Kwa jicho la 2016, vyuo vyote 11 havikufikia kiwango.

Ruka miaka mitano. Julai 2021 habari zilivuja kuwa Texas na Oklahoma, nguzo mbili za Big 12, wanaondoka kwenda SEC. Wiki chache baadaye, Septemba 10, Big 12 ikawaalika BYU, Central Florida, Cincinnati na Houston. Wote wanne walikuwa kwenye orodha ile ile. Houston haikuwa imehamishwa mtaa, na BYU bado ilikuwa haichezi Jumapili. Kilichobadilika ni kwamba mwenye nyumba alikuwa ameona paa linang'oka, na mfa maji haachi kutapatapa. Wale waliokuwa mzigo wakawa wokovu, na nadhani ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanywa na konferensi yoyote muongo huo.

Linganisha na majirani zao wa magharibi. Pac-12 ilikuwa na historia iliyoanzia 1915, ikiwa na vyuo vikubwa vya Los Angeles, Seattle na ghuba ya San Francisco. Agosti 2021, Big 12 ikiwa inavuja damu na wanachama wake wanane waliobaki wakitafuta pa kushika, Pac-12 ilitangaza kuwa haitapanuka. Walijiona wameshiba. Waliwatazama wale wanane kwa macho ya mwenye nguvu, wakaona hakuna wa kuwaongezea kitu, na kwa hesabu ya siku ile hawakukosea. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kuhamia Big Ten. Soko la Los Angeles likaondoka na vyuo viwili kwa siku moja.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mateso ya polepole. Mkataba wa televisheni wa Pac-12 ulikuwa unaisha 2024, na kamishna wake, George Kliavkoff, alizunguka akitafuta mpya. Big 12 ilimtangulia: ikaongeza mkataba wake na ESPN na Fox mwezi Oktoba 2022, ikamaliza sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa sokoni. Mashabiki wa Pac-12 waliobaki walikesha wakijadili kama San Diego State na SMU waalikwe kuziba pengo, huku viongozi wakisubiri kwanza mkataba, na mkataba ukisubiri kujua nani yumo. Julai 2023 Colorado akarudi Big 12, alikokuwa ameondoka 2011. Siku chache baadaye mezani ikaletwa ofa ya Apple: mechi zionyeshwe kwa wanaojisajili mtandaoni, na malipo yapande kadiri wateja wanavyoongezeka. Tarehe 4 Agosti Oregon na Washington wakaenda Big Ten, na siku ile ile Arizona, Arizona State na Utah wakaifuata Colorado. Stanford na California wakakimbilia ACC. Walibaki wawili, Oregon State na Washington State.

Hapa nitasimama kidogo, maana hawa wawili ndio jibu kwa kila anayedhani uaminifu wa mashabiki unahesabiwa. Washington State iko Pullman, mji mdogo kati ya mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington. Kila Jumamosi ya msimu, ESPN hupeleka kipindi chake cha asubuhi kwenye chuo kimojawapo, na nyuma ya watangazaji hujazana mashabiki wa chuo hicho na mabango yao. Tangu 2003, popote kipindi kinapokwenda, bendera ya Washington State huonekana ikipepea katikati ya umati huo. Inasafirishwa kwa posta kutoka kwa shabiki mmoja kwenda kwa mwingine. Anayeipokea huamka alfajiri, huitia kwenye mlingoti mrefu na kusimama nayo saa kadhaa kwenye mechi ambayo timu yake haimo. Haijakosa hata kipindi kimoja miaka yote hiyo. Hakuna safu ya jedwali la televisheni inayoandikwa jambo kama hilo. Linaloandikwa ni kwamba Pullman ni mdogo na Seattle, liliko soko, tayari lina chuo kingine, Washington.

Wawili hao walikwenda mahakamani, wakashinda haki ya kuiongoza Pac-12 na kusimamia mali zake, kisha wakageuka wao kuwa waalikaji. Kuanzia 2026 watakuwa pamoja na Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State na Texas State kwa futiboli. San Diego State, aliyekuwa akijadiliwa kama atafaa kuziba pengo la USC, ameingia nyumba ile ile baada ya wenyewe kuhama. Memphis na Tulane walialikwa wakabaki walipo, nao wakiwa na hesabu zao.

Kitu kingine kinachowachanganya wabishi ni kwamba kipimo chenyewe cha mvuto kimebadilika njiani. Mfano wa darasani ni Rutgers. Chuo hicho cha New Jersey kilicheza na kushinda mechi inayotajwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo, dhidi ya Princeton mwaka 1869, mabao 6 kwa 4, na baada ya hapo hakikuwatisha watu wengi. Novemba 2012 Big Ten ilipokialika pamoja na Maryland, mashabiki wa Ohio State na Michigan waliuliza kwa mshangao wanaletewa nini. Waliletewa kaya. Big Ten ilikuwa na chaneli yake tangu 2007, na kampuni za kebo ziliilipa ada ya kila mwezi kwa kila mteja mwenye chaneli hiyo kwenye kifurushi, atazame asitazame. Katika jimbo lenye chuo cha Big Ten ada ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko katika jimbo lisilo nacho. Bibi kizee wa New Jersey aliyelipia kifurushi kwa ajili ya taarifa ya habari na tamthilia zake alikuwa, bila kujua, anaichangia Big Ten tangu siku Rutgers ilipoingia. Maryland ilileta eneo la mji mkuu Washington na Baltimore kwa mtindo huo huo. Yenyewe ilikuwa imefuta michezo saba mwaka ule kwa kukosa fedha, kwa hiyo haikuhitaji kubembelezwa sana.

Kisha watu wakaanza kukata kebo. Kaya isiyotazama ikaacha kulipa, na kinachouzwa sasa ni mechi kubwa yenye watazamaji wa nchi nzima. Ndipo Oregon, chuo cha Eugene, mji ambao hauna soko la kutisha, kikawa mali. Kina jina, kina ushindi, kina Phil Knight wa Nike nyuma yake, na mtu wa Florida hukaa kukitazama usiku. Hata hivyo kiliingia Big Ten kwa takriban nusu ya mgao wa wenyeji. Rutgers na Oregon wamo konferensi moja, ila kila mmoja alipita mlango wake. Kwa vigezo vya leo Rutgers isingepata mwaliko, na kwa vile vya 2012 Oregon isingefikiriwa kwanza. Wabishi wengi hutumia vigezo vya zama moja kupima mgombea wa zama nyingine, ndiyo maana hawafiki popote.

Halafu kuna serikali. Vyuo vingi kati ya hivi ni vya umma, na wanasiasa wa jimbo huwa na neno. Mwaka 2003 ACC ya vyuo tisa ilipotaka kupanuka ilihitaji kura saba, na Chuo Kikuu cha Virginia kilikuwa na moja ya kura hizo. Gavana Mark Warner aliweka shinikizo kwamba Virginia Tech, ndugu wa jimbo moja, asiachwe nje. Tech akaingia, na Syracuse, aliyekuwa karibu kuitwa, akasubiri mpaka 2013. Huko California, UCLA ilipoondoka ilimwacha Berkeley, na vyote viwili viko chini ya bodi moja ya chuo kikuu cha jimbo. Bodi ikairuhusu UCLA iende kwa sharti la kumlipa ndugu yake fidia, na 2024 ikaamua iwe dola milioni 10 kwa mwaka. USC ni chuo binafsi, hakikuomba ruhusa ya mtu.

Wengine hutaja hadhi ya kitaaluma, hasa mashabiki wa Big Ten, ambao hupenda kukumbusha kuwa wageni wao huwa wanachama wa AAU, umoja wa vyuo vikubwa vya utafiti. Ni kweli kwa sehemu. Nebraska ilialikwa 2010 ikiwa mwanachama, ikapoteza uanachama huo 2011, na hakuna aliyeiambia ifungashe virago.

Hoja ya mashabiki yenye uzito zaidi, kwangu, ni ya watani wa jadi. Futiboli ya vyuo iliishi kwa chuki tamu za majirani, na uhamaji umezikata bila huruma. Texas na Texas A&M walianza kukutana 1894. Mwaka 2011 ESPN ilianzisha chaneli maalumu ya Texas kwa mkataba wa dola milioni 300 kwa miaka 20. A&M wakaona wanalelewa kama watoto wa kambo na mwaka uliofuata wakaenda SEC. Mechi ikafa. Bungeni Texas ililetwa hata miswada ya kuilazimisha irudi, isipite. Ilirudi Novemba 2024, Texas naye alipoingia SEC, akashinda 17 kwa 7 kwenye uwanja wa A&M. Sasa angalia upande wa pili wa sahihi hiyo hiyo. Oklahoma alipoondoka na Texas alimwacha Oklahoma State, mtani aliyecheza naye kila mwaka tangu 1910. Walikutana mara ya mwisho tarehe 4 Novemba 2023, Oklahoma State akashinda 27 kwa 24, mashabiki wake wakafurika uwanjani. Wamebaki na ushindi huo wa kujivunia, na ratiba isiyo na jina la Oklahoma. Uhamisho mmoja ulifufua utani mmoja na kuuzika mwingine, na hakuna aliyekuwa akilenga lolote kati ya hayo mawili.

Wanaolipa gharama kimya kimya ni wanamichezo wengine. Timu ya futiboli husafiri ugenini mara tano au sita kwa msimu, kwa ndege ya kukodi, mwishoni mwa wiki. Wasichana wa voliboli hucheza mara mbili kwa wiki na kurudi darasani. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey ni karibu kilomita 4,000, umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Johannesburg kwa mbali. Wao hawakuuzwa kwenye televisheni, waliambatanishwa tu kwenye mkataba.

Na chuo cha Notre Dame? Hakuna orodha ya wagombea isiyo na jina lake, na hakuna orodha iliyowahi kulipata. Kina mkataba wake na NBC tangu 1991, michezo mingine mingi kinachezea ACC, na kwa futiboli hukutana na timu tano hivi za ACC kila mwaka huku kikibaki huru. Mwaka 1999 Big Ten ilikuwa mlangoni, bodi ya chuo ikakataa. Ndicho chuo pekee ambacho hesabu ile ya mgao huipiga kikiwa upande wa pili wa meza.

Jambo jipya ni kwamba mgao sawa wenyewe umeanza kupasuka. Florida State ilimaliza msimu wa kawaida na fainali ya ACC mwaka 2023 bila kufungwa na bado ikaachwa nje ya mchujo wa timu nne. Desemba hiyo hiyo ikaishtaki ACC ili ijinasue kwenye mkataba unaoikabidhi konferensi haki zake za matangazo hadi 2036. Clemson ikafuata Machi 2024. Mwaka mmoja baadaye walipatana: asilimia 60 ya fedha za televisheni sasa hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watazamaji wa kila chuo, na 40 zilizobaki kwa usawa. Hiyo inaivuruga hesabu yangu ya vyuo kumi na kapu la milioni 300. Kama kila mmoja analipwa kwa alichovuta, mgeni dhaifu hamgharimu mwenyeji kiasi kile tena, na mwenyeji dhaifu ndiye anayeanza kukosa usingizi.

Mapatano hayo pia yalipanga ada ya kuondoka ACC ishuke kila mwaka, kutoka dola milioni 165 hadi kufikia milioni 75 katika mwaka wa 2030-31. Mkataba wa televisheni wa Big Ten unaisha 2030, wa Big 12 mwaka mmoja baadaye. Mashabiki wameshaanza kuandika majina: Florida State, Clemson, Miami, North Carolina, Virginia. Mashabiki wa Chuo Kikuu cha Florida, kilichomo SEC, huamini chuo chao kitamzuia jirani yake Florida State asiingie humo, wa South Carolina wanasema hivyo hivyo kuhusu Clemson. Mwaka 2021 A&M nayo ilisema hadharani kuwa inataka kubaki chuo pekee cha Texas ndani ya SEC. Kura ya kuwakaribisha Texas na Oklahoma ilipopigwa, ilikuwa 14 kwa 0.